Shajara ya Mrima: Udongo Uliobaki

Jumamosi, 4 Machi 2023

Niko kwa shangazi, chini ya Mrima. Msimamizi wangu chuoni anataka sampuli za udongo kutoka mgongoni mwa kilima hadi bondeni, na anazitaka kabla ya masika.

Ukiutazama kutoka barabara ya Lunga Lunga, Mrima haukutishi. Kilele chake ni kama mita 320 tu juu ya usawa wa bahari, na Dzombo, jirani yake, unaupita kwa urefu. Lakini nchi inayouzunguka ni ya chini, ya mawe ya mchanga, kwa hiyo kilima chenye msitu mzito namna hii huonekana kutoka mbali. Wageni nao wamekitolea macho tangu miaka ya 1950, wanajiolojia walipoanza kuandika kwamba udongo wake una niobiamu na madini adimu.

Asubuhi tulikwenda kwa wazee wa kaya, yaani walinzi wa msitu mtakatifu. Mrima ni hifadhi ya msitu na tena ni turathi ya taifa, lakini karatasi za Serikali peke yake hazikupi njia. Mzee aliyekaa katikati alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Na wewe wataka madini?"

"La, mzee. Udongo tu, mifuko midogo midogo."

"Wote huanza na udongo."

Wakacheka, nami nikacheka. Ruhusa nimepewa, na masharti yake: nisikate mti, nisichimbe karibu na mahali pa tambiko, kila shimo nilifukie siku ile ile, na kijana mmoja wa hapa afuatane nami popote niendapo. Masharti mepesi kuliko ya chuo.

Jumatatu, 6 Machi

Shimo la kwanza, kando ya njia. Udongo mwekundu wa kahawia kuanzia chini ya majani makavu. Kekee ilizama hadi mpini bila kugonga jiwe. Mwamba wenyewe uko mbali chini. Waliochimba visima vya majaribio walipita makumi ya mita ya udongo na mwamba uliooza kabla ya kufika penye ugumu.

Mwamba huo huitwa kabonataiti. Ulipanda kutoka chini ukiwa umeyeyuka kwa moto, lakini zaidi ya nusu yake ni madini ya jamii ya chokaa. Ni wa nadra. Dunia nzima yanajulikana maeneo mia kadhaa tu, na Afrika Mashariki imejaliwa fungu zuri: kilima cha Panda karibu na Mbeya, Ngualla kusini magharibi mwa Tanzania, na Oldoinyo Lengai, volkano pekee inayotema lava ya aina hiyo siku hizi. Wa Mrima ulipenya ardhini enzi ya Kretasia, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Tangu hapo kazi imekuwa ya mvua, joto na mizizi.

Nilikuwa na kichupa cha asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Nilidondosha tone juu ya kipande cha jiwe la matumbawe nilichookota pwani, likatoa povu papo hapo, hata yule kijana akasogea kuona. Tone jingine nikalitia kwenye udongo wa shimo. Kimya. Nikakoroga kwa kijiti, nikaweka sikio. Hata kiputo kimoja hakikutoka. Mwamba ambao zaidi ya nusu yake ilikuwa chokaa umezaa udongo usiokuwa na chokaa hata chembe.

Utafiti wangu wote ni hapo: chokaa hiyo imekwenda wapi, na imeacha nini nyuma.

Alhamisi, 9 Machi

Nimesoma na kuandika mchana kutwa kwa sababu ya jua.

Mvua, hata mahali pasipojua moshi wa kiwanda, ni chachu kidogo. pH yake ni karibu 5.6, kwa kuwa huchukua kaboni dioksaidi hewani. Ikishaingia ardhini huwa chachu zaidi, maana mizizi na vijidudu hupumua, na hewa iliyo kati ya chembe za udongo huweza kuwa na kaboni dioksaidi mara kumi hata mara mia kuliko hii tunayovuta. Maji ya namna hiyo huila chokaa taratibu. Kalsiamu na magnesi huyeyuka, hushuka na chemchemi hadi mtoni, na mwisho wake bahari. Sodiamu na potasiamu hazikawii kufuata. Hubaki vigumu: chuma, aluminiamu, titani, na zile metali ambazo katika mwamba mzima zilikuwa kidogo tu.

Jioni shangazi alikuwa akikamua nazi. Nikamwambia mvua imeukamua Mrima hivyo hivyo: tui limekwenda baharini, na kilima tunachokiona ni machicha. Akanijibu kwamba machicha yeye huwapa kuku. Nikamwambia machicha ya Mrima yameshapeleka watu mahakamani ng'ambo.

Hesabu yake ni rahisi, na nimeiandika kwa ajili ya ukurasa wa kwanza wa tasnifu. Chukua tani 10 za mwamba wenye gramu 100 za niobiamu kwa kila tani. Jumla ni gramu 1,000. Maji yakiondoa tani 9 za vile vinavyoyeyuka bila kuigusa niobiamu, tani moja iliyobaki itakuwa na gramu zote 1,000. Kiwango kimepanda mara kumi na hakuna aliyeongeza hata punje. Watu wakisikia ardhi ina utajiri hudhani kuna kitu kiliingia. Mrima umetajirika kwa kupoteza.

Kwa nini niobiamu haiondoki? Imo ndani ya madini yanayoitwa pirokloro. Mvua huweza kuyanyang'anya kalsiamu na sodiamu, na bariamu ikaingia mahali pake, lakini niobiamu haitikisiki. Thoriamu pia ni hivyo: haipendi maji. Mwamba wa kawaida wa uso wa dunia una niobiamu isiyofika gramu 20 kwa tani. Mrima kuna sehemu za udongo zilizopimwa zikakutwa na oksidi ya niobiamu kupita nusu asilimia, yaani zaidi ya kilo tano katika tani moja.

Jumapili, 12 Machi

Habari ya machicha inaeleza nusu tu ya mambo. Kuna metali ambazo hazikukaa kitako zikingoja wengine waondoke. Lantanamu, neodimiamu na ndugu zao wa kundi la madini adimu walikuwa ndani ya chokaa yenyewe na ndani ya apataiti, madini ya fosfeti. Chokaa ilipoyeyuka, wao pia walifunguliwa. Walishuka na maji, wakakutana na fosfeti njiani, wakanaswa tena katika madini mapya yaliyozaliwa humo humo udongoni: monazaiti ya chembe ndogo sana, na goseiksaiti. Kwa hiyo ndani ya kilima kuna kuhama na kuhamia kwa mamilioni ya miaka, na baadhi ya tabaka zimepata zaidi ya fungu lao.

Seriamu ina tabia yake peke yake. Penye oksijeni nyingi hupoteza elektroni moja zaidi, na ikishapoteza haiyeyuki kirahisi. Dada zake hushuka, yenyewe hubaki juu. Ukiona udongo wa juu una seriamu nyingi kupita kiasi ukilinganisha na lantanamu, ujue hewa imekuwa ikipita hapo muda mrefu.

Leo nimekuta kwenye ukuta wa shimo mabonge yenye utando mweusi unaong'aa kidogo, unaochafua kidole kama masizi. Nikatoa ile dawa ya kuoshea vidonda, hidrojeni peroksaidi, ya kununua duka lolote la dawa. Tone moja juu ya udongo mwekundu halikufanya la maana. Tone juu ya utando mweusi lilifura povu jeupe lililotambaa mpaka kwenye ukucha wangu. Hiyo ni manganizi. Oksidi yake huivunja peroksaidi mara moja, ndiyo sababu ya povu.

Utando huo ni mwembamba kuliko karatasi, lakini ndio mtego mkubwa. Uso wake una chaji hasi, na metali zinazopita na maji, kobalti, bariamu, risasi, huvutwa zikashikwa. Oksidi za chuma nazo, gothaiti ya njano na hematiti nyekundu, hushika fosfeti, arseniki na vanadiamu. Mboji ya juu hushika shaba, risasi na zebaki. Kila mmoja ana wageni wake. Ndiyo maana sitaki kuchanganya udongo wa tabaka zote katika mfuko mmoja, hata kama ingeniokolea pesa za maabara.

Jumanne, 14 Machi

Kichuguu kikubwa, nje ya mpaka wa msitu. Nimechukua sampuli juu yake na pembeni yake, kwa idhini ya mwenye shamba.

Mchwa hushuka mita kadhaa kutafuta unyevu na udongo wa mfinyanzi wa kujengea. Wanachokileta juu ni sampuli ya chini ambayo hukuilipia kekee. Wanajiolojia barani Afrika wametumia vichuguu kutafuta madini kwa sababu hiyo. Miti nayo ina zamu yake: mizizi huvuta manganizi na zinki kutoka chini, majani huanguka, huoza, na metali hukaa juu. Mvua inateremsha, mchwa na miti wanapandisha. Anayedhani udongo wa mlimani umetulia tuli hajauchungulia.

Kijana wangu ameniuliza kama mchwa wanaweza kuleta dhahabu. Nimemwambia penye dhahabu, ndiyo, chembe zake huonekana katika vichuguu. Ameanza kuviangalia vichuguu vya kwao kwa heshima mpya.

Jumatatu, 20 Machi

Leo nimeteremka mstari mzima, kutoka mgongoni hadi bondeni.

Jambo hili lina historia yake huku kwetu. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, ndiye aliyependekeza mwaka 1935 kwamba udongo wa mteremko usomwe kama mnyororo: wa juu, wa kati na wa chini ni wa ukoo mmoja, na maji ndiyo yanayowaunganisha. Wazo hilo lilitoka katika ramani za Afrika Mashariki likaenea dunia nzima, na vitabu vya udongo bado vinalifundisha.

Mnyororo wa leo ulikuwa hivi. Juu, udongo mwekundu wa kahawia, wenye kupitisha maji upesi. Katikati, unjano unaingia. Chini kabisa, penye shamba la mpunga la jirani ya shangazi, udongo wa kijivu, mzito, unaonata kwenye jembe.

Bondeni hapo maji hukaa masika yote. Yakikaa, oksijeni huisha, na vijidudu hulazimika kupumua kwa kutumia manganizi na chuma badala yake. Oksidi za metali hizo huyeyuka. Mtego ukishayeyuka, vilivyonaswa vyote viko huru: kobalti, arseniki, chochote kilichokuwa kimeshikwa. Kwa hiyo jumla kubwa ya metali iko juu kilimani, imefungwa, na kiasi kidogo kilichofunguka huenda kiko chini, karibu na mizizi ya chakula.

Nimeng'oa shina moja la mpunga uliokauka. Mizizi yake imevaa ala ya rangi ya chungwa. Mpunga huteremsha hewa kutoka majani mpaka mizizini, kidogo huvuja, na chuma kilichoyeyuka kikikutana na hewa hiyo hugeuka kutu pale pale kwenye ngozi ya mzizi. Kutu hiyo hunasa sehemu ya metali zisiingie ndani. Mmea umejiwekea ulinzi.

Jumamosi, 25 Machi

Ramadhani imeingia. Usiku, kabla ya daku, mvua ya kwanza ya maana.

Kulipokucha nilikwenda kuona maji. Kijito kinachotoka chini ya msitu kilikuwa na maji maangavu, majani makavu yakielea. Hatua chache mbele, kwenye shamba la mahindi lililolimwa kufuata mteremko, maji yalikuwa mekundu kama yametiwa rangi. Udongo huo mwekundu ni ule ule niliokuwa nikiupima kwa gramu na kuufunga kwa lebo. Mwamba kuoza hadi ukawa sentimita moja ya udongo ni kazi ya mamia ya miaka, pengine maelfu. Mahindi yale yameimaliza kazi hiyo pembe moja ya shamba kwa saa mbili.

Nimeikumbuka ile kesi ya ng'ambo. Leseni ya kuchimba Mrima ilitolewa, ikafutwa mwaka 2013, mwekezaji akaishtaki Kenya kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, na mwaka 2018 baraza likaamua kwa upande wa Kenya, kwa kuwa leseni haikufuata sheria, zikiwemo za mazingira. Tamaa haikuisha na hukumu. Wanaojua biashara hiyo wanajua Araxá nchini Brazili, mgodi unaoongoza duniani kwa niobiamu, na Mount Weld nchini Australia, wenye madini adimu. Yote miwili ni kabonataiti iliyooza, kama hii. Niobiamu kidogo huongeza nguvu ya chuma cha pua cha mabomba na cha madaraja. Madini adimu huingia kwenye sumaku za mota za magari ya umeme. Watarudi, wakiwa na majina mapya.

Baada ya futari nimekutana tena na yule mzee. Nimemweleza nilichokiona kijitoni. Amesema msitu ukiondoka, udongo nao huondoka na hauagi. Nimeliandika kama alivyolisema, maana tasnifu yangu itatumia kurasa arobaini kufika hapo hapo.

Alhamisi, 6 Aprili

Mombasa, maabara. Sampuli zimekauka kivulini, zimepondwa kwa kinu cha mawe, zimepita chekeche ya milimita mbili. Kinu cha chuma hakifai. Kingeziongezea metali zake.

Kila sampuli inapimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya jumla: asidi kali za hidrokloriki na nitriki pamoja, ambazo hutoa sehemu kubwa ya metali, ila si zile zilizofungwa ndani ya madini sugu. Ya pili ni ya upole: dawa iitwayo DTPA, inayochukua metali zilizoshikwa kwa ulegevu tu, na huwa karibu na kile ambacho mzizi unaweza kukipata. Matokeo yameanza kuonyesha nilichokitarajia baada ya kuona bonde. Kilimani pengo kati ya vipimo viwili ni kubwa mno: jumla iko juu, kinachoachiliwa ni kidogo. Bondeni pengo linapungua.

Anayetaka kutisha watu atasoma kipimo cha kwanza peke yake. Anayetaka kuwatuliza atasoma cha pili cha kilimani peke yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenye safu moja ni nusu ya daftari. Ardhi kuwa na metali nyingi hakumaanishi muhogo una metali nyingi. Inategemea pH, mboji, na kama maji yanasimama. Muhogo wenyewe lazima upimwe, na maji ya kisima pia.

Jumapili, 16 Aprili

Nimerudi kwa shangazi na swali ambalo halikuwemo katika pendekezo la utafiti: nyumba.

Kilichobaki na niobiamu ni thoriamu, na thoriamu ina mionzi. Inapungua polepole mno, nusu yake huhitaji miaka bilioni 14. Katika safari hiyo huzaa gesi iitwayo thoroni. Watafiti wameshapima gesi hii ndani ya nyumba za udongo za hapa, kwa sababu mionzi ya asili ya Mrima imejulikana kitambo kuwa juu ya kawaida. Mtu akichimba udongo wa kilima akakandika ukuta, ameuhamisha Mrima chumbani.

Lakini thoroni ina udhaifu mmoja, na ndio unaotusaidia. Nusu yake hutoweka kila baada ya sekunde 56 hivi. Haina muda wa kusafiri. Hewa iliyo karibu na ukuta ndiyo yenye gesi nyingi. Katikati ya chumba imeshapungua sana. Kinachobaki angani ni vizalia vyake, hasa aina ya risasi ambayo nusu yake hudumu saa kumi na kitu, na hivyo huondolewa na upepo. Kitanda cha shangazi kimegusana na ukuta, mto wake uko pale penye ufa, na dirisha ameliziba kwa gunia kwa ajili ya mbu.

Sikumwambia ahame, wala nyumba ya udongo sina ugomvi nayo. Ni ya baridi na ya bei tunayoiweza. Tumesogeza kitanda, tumetoa gunia, na kesho nitanunua chandarua na saruji. Kwa majirani nimeandika karatasi moja, itakayobandikwa dukani na kusomwa msikitini kama imamu ataridhia: udongo wa kukandika usichimbwe kilimani, uchimbwe mbali na Mrima; ukuta wa zamani upigwe plasta na nyufa zizibwe; kitanda, hasa cha mtoto, kisigusane na ukuta; dirisha lifunguliwe kila siku; shamba la mteremko lilimwe kwa matuta yanayokata mteremko; na atakayekuja kuwaambia mlima una mali, mwulizeni kwanza amepima nini katika kisima na katika muhogo, na majibu awaachie kwa maandishi.